Majembe Yasiyo na Wimbo

Shangazi Mariamu tulimzika siku ya Jumanne. Kabla jeneza halijatolewa ndani nilikuwa nimeshatupa macho upande wa jikoni, maana huku kwetu Singida ukitaka kujua marehemu aliishije na watu, tazama ni wanawake wangapi wamekuja kumsongea ugali wake wa mwisho. Walikuwepo wakwe zake watatu, wasichana wa kwaya, na jirani mmoja aliyehamia juzijuzi. Wa rika lake na wa rika langu waliobaki hai hawakuonekana. Watoto wa marehemu wakasema ni miguu, ni macho, ni uzee tu, bibi. Wawili kati ya hao wazee niliwaona gulioni juma lililotangulia, wametembea kwa miguu yao wenyewe, wanachagua vitunguu kimoja kimoja kama wanaochagua wachumba.

Saa nane hivi akaja Salome mke wa Monko, na fimbo yake, anashikwa mkono na mjukuu. Nilimwamkia, akaitikia. Alitoa pole kwa wote, akaketi kwenye jamvi, akanyoosha miguu. Nilimletea mwenyewe ugali wa uwele na mlenda, na birika la maji ya kunawa. Akaisukuma sahani kando kwa mkono wa kushoto. "Nimeshiba tangu nyumbani," alisema. Msibani kwetu mtu hasemi hivyo. Hata mwenye kuumwa tumbo humega tonge moja akalitia mdomoni, kwa heshima. Kukataa chakula cha msiba ni kumsema aliyekufa mbele ya watoto wake. Nilisimama pale na birika langu nikajua kwamba Salome hajasahau, na kwamba anamhukumu asiyehusika. Aliyehusika nilikuwa mimi, na nilikuwa nimesimama mbele yake.

Mambo haya nayaandika kwenye daftari la mjukuu wangu. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo atakayesoma asitazame mwandiko. Huyu mjukuu hunisomea vitabu vyake vya hadithi jioni, na nimegundua kitu. Katika kila kitabu wakubwa hukaa mezani wakazungumza mambo mazito, kisha mlango hufunguliwa, msichana huleta chai, anaweka, anatoka. Basi. Mwandishi hamtaji tena. Mimi huacha kusikiliza mambo ya wale wakubwa, nikabaki namsubiri yule msichana. Najiuliza amesikia nini, na anakwenda kumwambia nani. Mjukuu hucheka, husema, "Bibi, yule si mtu wa kwenye hadithi." Nami humwambia endelea kusoma.

Mwaka wenyewe ni ule tuliohamishiwa vijiji vya ujamaa. Watu walitolewa kwenye matembe yao ya zamani, huyu kilimani, yule bondeni, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara ya kwenda Mgori, nyumba kumi balozi mmoja, nyumba kumi balozi mmoja. Ukizoea kumwona jirani kwa mbali, ukasikia ng'ombe zake tu, halafu ukawekwa naye mlango kwa mlango, unaanza kumtazama anapika nini. Ndivyo tulivyokuwa. Kila mtu alikuwa anahesabu moshi wa mwenzake. Tena kiangazi kile cha kuhamia watu walikufa: vibanda havijaezekwa, baridi ya usiku, vumbi, homa. Alikufa Yohana, kijana wa Mzee Ntandu, mwenyekiti wetu wa kijiji, akamwacha mkewe Veronika na mimba. Baba yake ndiye aliyekuwa ametangulia kukubali kuhama, akawashawishi wengine. Watu hawakumwambia kitu, lakini alipopita walikuwa wakiacha kuongea.

Mimi nililetwa kwa shangazi nina miaka kumi na minne. Shangazi alikuwa mpishi wa kijiji, yaani mpishi wa viongozi na wageni wao. Kulikuwa na nyumba moja tu ya matofali na bati, ndiyo ofisi, ndiyo ghala, na chumba cha katikati ndicho cha kulia. Nyuma yake palikuwa na jiko la miti na nyasi, na ukutani waliacha tundu la kupitishia sahani. Kupitia tundu lile sauti ya mezani ilikuja jikoni kama vile wanaongea kwenye chungu. Siku ya kwanza shangazi alinifunga khanga yake kiunoni akanifundisha kazi kwa maneno machache.

"Ukiingia na sahani, usiwe na macho. Usiwe na masikio. Weka, toka."

"Wakiniuliza jambo?"

"Hawatakuuliza."

Akawa amesema kweli. Nilisimama mlangoni na bakuli la kuku, nikapiga goti, nikasema shikamoo. Marahaba haikurudi. Nyinyi wa siku hizi hamwezi kujua hilo lilivyoniingia. Kwetu hata mlevi aliyelala njiani ukimpa shikamoo huinua kichwa. Nilidhani sikusikika, nikasema tena kwa sauti. Bwana Laurenti, katibu wa kijiji, mtu wa kutoka mkoa mwingine ambaye Kinyaturu chetu hakukijua hata neno, aliendelea kueleza habari za mbegu, akasogeza kiwiko bakuli lipite. Miezi yote niliyohudumia meza ile nilijifunza kupita kati ya kiwiko na kiwiko. Waliamini Kiswahili sikijui, kwa kuwa sikuwahi kujibu. Waliongea mbele yangu mambo ya wake zao. Waliongea nani ataondolewa ubalozi, nani anashukiwa kuficha ng'ombe kwa ndugu yake Kinampanda. Jioni nilikutana na watu haohao wanaoongelewa, nikawaamkia, nikajua mambo yao wao hawayajui. Hilo lilinitia kiburi kidogo, lazima niseme. Pia lilinifanya niwe mtu wa kushuku. Hadi leo nikiingia chumba watu wakanyamaza, siamini. Na wasiponyamaza, siamini zaidi.

Mmoja tu aliniitikia. Huyo alikuwa Bibi Mukhandi, mkunga, mjane, magoti yamekwisha, ameketi mlangoni kwake kwenye nyumba ya mwisho upande wa korongo, anapembua kunde. Njia yangu ya maji ilipita hapo. "Marahaba, Damari," alikuwa akisema, "leo wamekula nini hao?" Nami humwambia. Akisikia kuku anacheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Na nyinyi?" Nasi tulikuwa tunakula ukoko na mchuzi uliobaki. Kuna siku hunipa kata ya maziwa mgando, nanywa nikiwa nimechuchumaa, ananitazama mpaka nimalize. Nafikiri ndiye mtu pekee aliyejua mwaka ule kwamba nina jicho moja dogo kuliko jingine.

Sasa shamba lake. Kila kaya ilipewa eka yake nyuma ya nyumba, lakini asubuhi watu wote, waume kwa wake, walipaswa kuwa shamba la ujamaa. Chuma cha gurudumu kilichotundikwa ofisini kiligongwa jua likichomoza, na balozi alisimama akitazama nani hayupo. Aliyekosekana alibeba mawe ya kujengea shule. Eka za watu zikabaki na majani hadi magotini. Ya Bibi Mukhandi haikuwa na jani. Mtama wake ulipaliliwa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mashina yamepandishiwa udongo vizuri kabisa, na yeye mwenyewe kufika chooni alikuwa anashika ukuta. Watu wakaanza kupunguza mwendo wanapopita pale. Hakuna aliyeuliza. Kuuliza kungekuwa nafuu.

Mwezi wa pili nilipita na mtungi wangu, yapata saa nne, nikasikia majembe. Mtama ulikuwa umefika kifuani kwa mtu mzima. Nikasimama. Yalikuwa majembe mengi, yanagonga ardhi kwa pamoja, kisha yanatulia, kisha yanagonga tena. Mashina yakatikisika mstari mzima bila upepo. Mtu sikumwona. Na hakukuwa na wimbo. Mnyaturu akilima peke yake huimba, wakiwa wawili huitikiana, wakiwa kumi utawasikia hadi kijiji cha pili. Sijawahi, kabla wala baada, kusikia majembe mengi yasiyo na wimbo. Nilitembea haraka bila kukimbia, kama mtu anavyopita mbele ya mbwa, na mtungi niliujaza nusu.

Siku tatu baadaye walikuja wageni wawili kutoka wilayani. Shangazi alichinja jogoo na kusonga ugali wa mahindi, mweupe, maana ule wetu wa uwele Bwana Laurenti alikuwa hapendi wageni wauone. Nilipoingia na maji ya kunawa walikuwa wanazungumza juu ya eka ya Bibi Mukhandi. Bwana Laurenti alitaka ifanywe shamba la mfano, wageni walipeleke jina la kijiji huko juu. Mzee Ntandu alikuwa anachezea mfupa wa kuku kwenye sahani. "Yule mama ni mzee," alisema. "Hana mtu. Tusilitaje kwanza." Bwana Laurenti akauliza sasa nani analilima. Mzee Ntandu akarudi kwenye mfupa wake. Ndipo katibu alipogeuza shingo, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nije.

"Huyu binti si ndiye anayepita huko kuchota maji? Mwenyekiti, muulize kwa lugha yenu, nani anaonekana pale."

Mzee Ntandu kabla hajafungua mdomo nikajibu kwa Kiswahili. "Sioni mtu. Nasikia majembe tu."

Mgeni mmoja akacheka kidogo. "Kumbe anajua kusema."

"Majembe mangapi?" Mzee Ntandu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mengi," nikasema. "Hawaimbi."

Hilo la pili hakuniuliza. Nimelifikiria miaka yote. La kwanza nilijibu kwa kuwa niliulizwa, lakini la pili niliongeza mwenyewe, kwa kuwa watu wazima wanne walikuwa wameacha kutafuna wananitazama mimi, na nilitaka waendelee kunitazama. Nilipotoka nilipiga goti, nikasema shikamoo tena, na wote wanne wakaitikia. Nilirudi jikoni moyo unadunda kwa furaha. Shangazi alikuwa amesimama kando ya tundu la sahani, mwiko mkononi, hasongi kitu. Aliniangalia, halafu akainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kwa wasiojua niwaeleze. Huku kwetu watu husema kuna maiti ambayo haikufa. Mchawi humchukua mtu, jamaa wakazika kitu kingine wakidhani ndiye, na mwenyewe akafichwa macho ya watu yasimwone, akamlimia mchawi mashamba bila kusema wala kuimba. Huyo ndiye msukule. Mimi nilikuwa nimesema maneno mawili tu, ya kweli yote, na kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa kinajua Bibi Mukhandi analimiwa na waliokufa kiangazi. Walitajwa kwa majina. Wa kwanza kutajwa alikuwa Yohana wa Ntandu. Watu walioshindwa kulaumu kuhama wakapata mtu wa kumlaumu. Mama mmoja aliyezalishwa watoto wanne na Bibi Mukhandi alipita mbele yake amefunika uso wa mtoto. Mimi nilianza kuchota maji kwa njia ya mbali. Siku nilipolazimika kupita pale akaniambia marahaba kabla sijasema shikamoo. "Leo wamekula nini, Damari?" Nikasema sijui, bibi.

Siku ile nilirudi kwa njia ya nyuma ya shamba lake, na huko nikamkuta Mzee Ntandu. Alikuwa amesimama ukingoni mwa mtama, kofia ameishika kwa mikono miwili kama yuko kanisani. Mle ndani majembe yalikuwa yanagonga. Hakuniona, au aliniona kama anavyouona mti. Akaita, si kwa nguvu, kama mtu anayemwamsha mwanawe aende machungani: "Yohana." Majembe yakanyamaza yote kwa mara moja. Akangoja. "Yohana, ni mimi. Njoo twende." Mtama ulitulia kabisa, hata jani. Akasimama kwa muda mrefu, kisha akavaa kofia akaondoka, naye alikuwa analia bila kujifuta. Mtu anaweza kusema alikuwa mjinga. Mimi nilimwona, siwezi kusema hivyo.

Kesho yake akatangaza mkutano wa Jumamosi. Mganga wa kumfichua Bibi Mukhandi alikuwa ameshaagizwa, na kila mtu alijua mambo ya waganga wale: mtu ananyolewa, ananyweshwa, na akiondoka na uhai wake anaondoka bila nyumba. Bwana Laurenti niliyemsikia kwa masikio yangu akisema msukule ni ujinga, nilimsikia pia mezani akisema, "Lakini yule mama anazalisha watu nyumbani wakati tumeshakataza, waende zahanati. Akihama mwenyewe, tutakuwa tumepona mambo mawili." Akaomba pilipili.

Ijumaa asubuhi Salome aliingia jikoni kwetu bila kubisha hodi. Alikuwa mwanamke kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, na mgongoni amembeba Paulo, mtoto wake wa kwanza, ana miezi mitano, shingo imejaa mikunjo ya mafuta. Mimi nilikuwa nasaga uwele chini pale, hatua mbili kutoka miguuni kwake. Alisema yote mbele yangu. Wale waliokuwa wanalima walikuwa yeye na wenzake. Walikuwa saba, wote wamezalishwa na Bibi Mukhandi msimu ule. Ilikuwa desturi ya wanawake wa kwetu, haambiwi msichana ambaye hajazaa: mkunga wako unampalilia shamba lake kabla mtoto hajaota jino. Na hupaswi kuonekana na mwanamume wala kusikika, kwa sababu unashukuru jambo lililotokea katika chumba ambacho mwanamume haingii. Akikuona, shukrani imeharibika na mtoto hana kinga. Miaka mingine walikwenda wakati wanaume wako mbugani na ng'ombe. Mwaka ule wanaume walikuwa palepale, kwa hiyo wakatumia saa ya kunyonyesha. Saa nne chuma kiligongwa mara mbili, wenye wachanga wakaruhusiwa kwenda nyumbani, nao wakawachukua watoto, wakaingia kwenye mtama wakiwa wameinama, jembe la mpini mfupi, mtoto mgongoni. Nikaacha kusaga. Salome akaniruka kwa mguu kufika kwa shangazi.

"Mariamu, maneno yametoka hapa kwako. Katibu hapiti korongoni. Mzee Ntandu hapiti korongoni. Nani amewaambia?"

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakunitazama. Najua hakunitazama kwa sababu mimi nilikuwa namtazama yeye, nasubiri jina langu litoke.

"Ukisema ni kwangu," alisema, "ni kwangu."

"Ulikula nini kwao, Mariamu, cha kumuuza mama wa watu?"

"Nilikula mabaki. Kesho utafanyaje?"

Salome akatema mate mlangoni, akatoka. Nilitaka kusema, nikafungua mdomo, shangazi akanikatiza: "Saga." Nikasaga. Hatukulizungumza siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka amekufa. Kuna wakati nilifikiri alinihurumia. Kuna wakati nikafikiri, huyu ananifuga na deni la moyo. Nimemshuku hata kwa wema wake, Mungu anisamehe.

Jumamosi watu walikusanyika mbele ya ofisi, wanaume kwenye magogo, wanawake chini nyuma yao. Bibi Mukhandi alibebwa pamoja na kiti chake akawekwa katikati. Mzee Ntandu alisimama, hakusoma karatasi ya Bwana Laurenti. Alisema tu, "Mama, nipe mwanangu."

"Yohana nilimpokea mimi kwa mikono hii," Bibi Mukhandi alijibu. "Nitampeleka wapi?"

"Wanaokulimia ni akina nani?"

"Nawajua. Wote wako hai. Majina yao huwezi kuyapata kwangu, hata huyo mgeni wako akinyoa mpaka nyusi."

Watu wengine walicheka, wengine wakaguna. Mimi nikasimama. Sijui nilipata wapi miguu. Nikasema, "Mzee, mimi niliposema vile sikuwa najua." Balozi aliyekuwa karibu akanishika bega akanikalisha bila kunitazama, kama mtu anavyorudisha mlango unaofunguliwa na upepo, akaendelea kumsikiliza Mzee Ntandu. Hakuna kichwa kilichogeuka. Mganga alikuwa ameshaanza kufungua mkoba wake.

Ndipo Salome aliposimama huko nyuma. Alipita kati ya wanaume hadi mbele, akageuka uso wake uonekane. "Mimi Salome mke wa Monko," alisema, "ndiye msukule. Njooni mnishike mkono kama nimekufa." Mumewe akainuka nusu, akakaa. Akafuata Halima mke wa Sungi. Akafuata Raheli, Zena, Elizabeti, Mwanaidi. Kila mmoja alisema jina lake na la mumewe, kila mmoja na mtoto mgongoni, na nyuso zao zilikuwa kama za watu wanaovuliwa nguo. Mzee Ntandu alimtazama kila mmoja kama anayetafuta mtu nyuma yake. Walipofika sita akauliza kwa sauti ndogo, "Na mwanangu?"

Wa saba akasimama. Alikuwa Veronika, mjane wa Yohana, mkwewe mwenyewe, ambaye tangu aolewe hakuwahi kusema neno mbele yake kwa heshima ya ukwe. Alifungua mgolole, akamtoa mtoto mgongoni. "Ulipokuja kuita, baba, huyu alikuwemo," alisema. "Alikuwa ananyonya. Nilimziba asilie."

Mzee Ntandu alimchukua yule mtoto, akaketi naye chini kwenye vumbi, mbele ya watu wote, kofia ikaanguka. Mkutano haukufungwa na mtu. Watu waliondoka mmoja mmoja. Mganga akafunga mkoba wake akauliza kama atapata chakula, nami nikamletea.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini wale saba walibeba mawe mwezi mzima kwa kuiba saa ya kunyonyesha. Eka ya Bibi Mukhandi ikawa shamba la mfano kweli, wageni wakaja, Bwana Laurenti akapigwa picha katikati ya mtama, jembe jipya begani. Bibi Mukhandi baada ya mavuno aliomba punda, akarudi kwenye tembe lake la zamani upande wa msituni, na hakuna aliyemzuia. Desturi ile ikafa, kwa kuwa imeshaonekana. Na kabla ya mavuno surua ikapita. Ilipita vijiji vyote, iliua watoto ambao mama zao hawakuwahi kushika jembe la mtu. Kwetu ilimchukua Paulo wa Salome, hajaota jino.

Tangu hapo hakuna mwanamke wa rika lile aliyekwenda kuomba moto kwa shangazi Mariamu. Hawakumwita kwenye uzazi, wala kumkaribisha kwenye pombe ya mavuno. Alikwenda misibani kwao akapika, wakala, hawakumwambia ahsante. Mimi niliolewa Ikungi, nikawa na maisha yangu. Nilikuja kumwona kila baada ya mavuno, nikala kwake, nikarudi kwangu. Miaka yote hiyo nilikuwa na maneno ya kumtoa pale, nikayaweka.

Basi Jumanne ile, birika mkononi, niliketi kwenye jamvi karibu na Salome. Vijana walikuwa wanakunja turubai. Wasifu wa marehemu ulikuwa umeshasomwa kwenye kipaza sauti, ukasema alikuwa mpishi, ukapita.

"Dada Salome," nikamwambia, "yale maneno ya majembe hayakutoka kwa Mariamu. Niliyasema mimi. Katibu aliniuliza, nikajibu, na nikaongeza."

Macho yake yana ukungu, lakini aliyaelekeza kwangu sawasawa.

"Uliyasemea wapi?"

"Mle ndani, mezani. Nilikuwa nimepeleka kuku."

"Kuku alikuwa anapeleka Mariamu."

"Mariamu alikuwa jikoni. Mpelekaji nilikuwa mimi, mwaka mzima. Ulikuja ile Ijumaa, nilikuwa nasaga. Uliniruka."

"Jikoni alikuwa Mariamu peke yake," Salome alisema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Namkumbuka na mwiko wake. Namkumbuka Bibi Mukhandi kwenye kiti. Wewe mwaka ule hukuwepo."

"Nilikuwepo."

"Hukuwepo."

Sijui. Nimelala nayo usiku kadhaa, sijui kama kweli hanikumbuki, au ananikumbuka vizuri kabisa na hiyo ndiyo adhabu aliyoona inanitosha, au ananikataza tu nisianze kulia mbele ya watoto. Alininyooshea mikono yote miwili, vidole vimepinda, niinawishe. Nikamimina maji. Akajifuta kwenye khanga, akaivuta ile sahani aliyoikataa, akamega tonge la shangazi Mariamu, akala. Ugali ulikuwa umeshapoa. Alikula mpaka mwisho, halafu akainyoosha sahani pembeni aongezewe mlenda, bila kugeuza kichwa kuona nani anaipokea.